Mkoba wa dharura wa shilingi 7,800: nimekaa nao vuli na masika, haya ndiyo niliyoyaona

Mkoba ulikuja kwa basi la usiku kutoka Nairobi, umezungushiwa utepe wa gundi hata nikaukata kwa kisu cha kuparia samaki. Aliyeuagiza si mimi. Ni mpwa wangu aliyeko Tampa, Florida, ambaye tangu Oktoba 2024 hana raha na nyumba ya mtu yeyote iliyo karibu na bahari. Mwezi huo kimbunga Milton kilipiga pwani ya Florida usiku wa tarehe 9, na Helene ilikuwa imepita wiki mbili tu nyuma. Yeye, mkewe na watoto walihama, wakashinda ndani ya gari kwenye foleni ambayo alisema ingetoka Mombasa ikafika Voi. Waliporudi wakakuta nyumba yao ina paa, ya jirani haina. Akanipigia simu: "Mjomba, wewe unalala chini ya bati na bahari iko pale. Nakutumia mkoba." Nami nikamwambia, "Mjomba, usijisumbue." Ndivyo tunavyoitana, mjomba kwa mjomba. Hakusikia.

Bei ilikuwa shilingi 7,800, na 350 za kuusafirisha nikalipa mimi pale ofisi ya basi, Mwembe Tayari. Ni mkoba wa mgongoni, rangi nyekundu, umeandikwa kwa herufi kubwa nyeupe, na vijana wa mtaani walipouona waliuliza kama nimejiunga na zimamoto. Sasa kila anayepita barazani anataka kujua kama anunue wa kwake. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, ndiyo maana naandika.

Nianze na mimi, maana mtoa hukumu lazima ajulikane anatoka wapi. Nilifanya kazi bandarini Kilindini miaka 27, katika genge la kufunga makontena melini. Vyuma vya kukazia, minyororo, pini za pembeni, jua linakuchoma utosini na bati la meli linakuchoma nyayo. Kazi yenyewe ilikuwa neno moja: kitu kisitoke mahali kilipowekwa, hata bahari ifanye vituko gani. Katika miaka yote hiyo niliona mzigo mwepesi ukafika salama na mzigo mzito ukalala ubavu, kwa sababu pembe moja ililegea na mtu akasema itakaa tu. Kwa hiyo mimi kitu nikikiangalia, naangalia kwanza kimeshikwa wapi.

Kuna watakaoniuliza: tufani Mombasa? Na wana haki. Kule kwa mpwa wangu msimu una tarehe zake, Juni 1 hadi Novemba 30, na watu huhesabu siku kama tunavyohesabu kumi la mwisho la Ramadhani. Upande wetu wa Bahari ya Hindi vimbunga huanza mwezi wa kumi na moja hadi mwezi wa nne, lakini vinazunguka huko chini, Madagaska, Morisi, Msumbiji. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini ya ikweta, na kimbunga hupata mzunguko wake kutokana na dunia kujizungusha. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo, upepo haupati kujipindia kama unavyotaka. Ndiyo maana wazee wetu walihesabu tufani kuwa habari za mabaharia.

Lakini Unguja haiko mbali na hapa, na mwaka 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini. Lindi ilipigwa mwaka 1952. Kenneth ikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, Aprili 2019, mahali ambapo watu hawakuwa na habari nayo. Kisha Hidaya. Nani amesahau Hidaya? Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024 rais aliahirisha kufunguliwa kwa shule, wavuvi wakaambiwa wasitoke, na duka la mtaani kwetu likamaliza mishumaa kabla ya magharibi. Mke wangu alirudi na minne ya kuungaunga. Siku ya pili Hidaya ikaishiwa nguvu karibu na kisiwa cha Mafia, sisi tukabaki na mvua na mishumaa.

Kwa hiyo nauhukumu mkoba huu kwa mambo yanayotupata kweli hapa Mikindani. Maji yanayoteremka kutoka barabarani yakaingilia mlango wa nyuma. Upepo wa ghafla wa masika unaoanza na vumbi. Stima kupotea siku mbili. Mfereji kukauka wiki. Mwisho wa 2023, zile mvua za El Niño, sebule yangu ilikuwa na maji ya kufika kifundoni, na masika yaliyofuata yaliua watu zaidi ya 200 nchini bila kimbunga hata kimoja kutua Kenya. Hilo ndilo tufani letu. Halina jina.

Sasa tufungue zipu.

Juu kabisa kulikuwa na redio yenye tochi, ile ya kuzungusha mpini ukapata umeme bila betri. Hiki ndicho kitu kilichonifurahisha kwa macho. Niliizungusha dakika tano kwa saa, mkono ukaniuma kama zamani, ikacheza Pwani FM dakika kumi na moja kisha ikaanza kukoroma. Tochi yake inamulika mlango, haimuliki uwanja. Ina kijisola mgongoni chenye ukubwa wa kadi ya benki, ambacho nilikianika juu ya bati kutwa nzima na jioni nikapata nusu saa ya redio. Si haba. Shida ilikuja wiki ya tatu: mpini ukakatika mkononi mwa mjukuu wangu, na mtoto ana miaka saba, si mbeba magunia. Nilimwandikia muuzaji. Akataka video. Nikatuma video. Akataka risiti. Nikamwomba mpwa wangu risiti kule Tampa, nikatuma. Baada ya hapo naona tiki mbili za buluu tu, mpaka leo. Kama mnauliza huduma ya baada ya mauzo, hiyo ndiyo.

Chini yake, blanketi la karatasi ya fedha, mawili. Mkoba umetengenezwa na mtu anayeogopa baridi. Usiku wa masika Mombasa baridi ipo, siikatai, lakini ni baridi ya shuka na khanga mbili. Nilimfunika mama mkwe kwa majaribio tu. Akalala dakika moja kimya, karatasi inalia kila akipumua, kisha akasema, "Mwanangu, mmenifunga kama samaki wa kuokwa, ndimu iko wapi?" Moja nimelitandika chini ya bati la jiko kuzuia joto, linafanya kazi vizuri. La pili liko kwenye mfuko wake, halijapata ajira.

Vidonge vya kusafisha maji: ishirini. Nilifurahi, mpaka nikasoma maandishi madogo. Kidonge kimoja, lita moja. Yaani mkoba mzima unasafisha mtungi mmoja wa lita 20, na nyumba yangu ina watu sita. Kwenye duka la dawa pale stendi ya Mikindani kuna vidonge ambavyo kimoja kinatosha mtungi mzima, unatikisa, unasubiri nusu saa, unakunywa. Pakiti ilinigharimu chini ya soda mbili. Sijui nani aliyehesabu hapa. Ni vidonge vya mpanda mlima mwenye chupa kiunoni.

Kamba. Hapa ndipo niliposogeza kiti mbele. Mita nane, rangi ya jeshi, unene wa penseli ya mtoto, na kijikaratasi kinasema inabeba kilo 250. Niliifunga kwenye mwembe, nikatundika mitungi mitatu iliyojaa, kilo 60, nikaiacha usiku. Haikukatika, nasema kweli. Lakini asubuhi mitungi ilikuwa imekaa chini, kamba imenyooka mkono mzima, na fundo langu, fundo nililofunga maisha yangu yote, lilikuwa limeteleza kwa sababu ngozi ya kamba ni laini kama utumbo. Kamba inayonyooka haifungi paa, haifungi tangi, haifungi hata mbuzi mtundu. Nilikwenda duka la vifaa vya uvuvi Mji wa Kale nikanunua nailoni ya milimita 12, mita ishirini, shilingi 1,600. Muuzaji alinikatia huku akiniuliza chombo changu kinaitwaje. Nikamwambia kinaitwa nyumba.

Mfuko wa kuhifadhia hati, "haupitishi maji". Kabla sijatia hati ya shamba nilitia gazeti, nikauzamisha kwenye ndoo, nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi gazeti limelowa kona mbili. Hati zangu ziko kwenye ndoo ya mafuta ya kupikia ya lita 20, ile yenye kifuniko cha kubana, ikiwa na vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu, kitabu cha kliniki cha mama mkwe na picha ya harusi yangu. Ikielea, inaelea. Bei yake ni sufuri, tulikuwa tumeshakula mafuta yake.

Vitu vingine nitavipita haraka. Makoti mawili ya mvua ya plastiki, yanapasuka kwapani. Kisu chenye meno mengi, kizuri, mke wangu amekichukua jikoni na sitakiona tena. Sanduku la huduma ya kwanza lina bandeji za kutosha na plasta ndogo ndogo kumi na mbili, lakini halina hata pakiti moja ya chumvi ya kuongeza maji mwilini, wakati kila mtu wa hapa anajua mafuriko yakishaondoka kinachobaki ni tumbo la kuendesha na kipindupindu. Nimetia mwenyewe. Ukikosa za pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mishumaa miwili. Kiberiti kinachodai kuwaka kikiwa kimelowa, na kweli kinawaka, nilikitia kwenye chai.

Na filimbi. Filimbi ndogo ya rangi ya chungwa iliyotundikwa kwenye mkanda wa mkoba, ambayo sikuihesabu kabisa siku ya kwanza.

Ndani ya mfuko wa pembeni kulikuwa na karatasi ya maagizo, kwa Kiingereza. Mpwa wangu akanitafsiria kwa simu, akicheka kidogo na kuona haya kidogo, kwa sababu aliitambua: ndiyo ileile ya kwao, imenakiliwa. Jaza beseni kubwa la kuogea maji. Sisi hatuna beseni la kuogea, tuna pipa na kata. Piga mbao za plaiwudi madirishani. Madirisha yangu yana nondo na shata za mbao za babu. Fuata alama za njia ya kuhama. Hapo tukanyamaza wote wawili. Kwake ziko alama kwenye nguzo, za buluu, gari zote zinajua ziende wapi. Mimi njia yangu ya kuhama ni kwa dada yangu Jomvu, na barabara yenyewe ndiyo inayofurika.

Lakini kwenye karatasi hiyo kulikuwa na jambo moja la maana, na sitalidharau: galoni moja ya maji kwa mtu mmoja kwa siku, kwa siku tatu zisizopungua. Galoni yao ni kama lita nne kasoro. Watu sita, siku tatu, karibu lita 70. Mitungi minne ya njano, basi. Wamombasa somo hili tumefuzu zamani, kwa kuwa maji yetu yanatoka mbali, Mzima huko Tsavo na Baricho kando ya mto Sabaki, na mto ukichafuka bomba linajua kabla yako. Nyumba yangu ina mitungi kumi na miwili siku ya kawaida. Nilichojifunza ni kimoja: minne kati ya hiyo sasa ina kitambaa chekundu shingoni na haiguswi, hata kama kuna harusi. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi inamwagwa kwenye migomba na kujazwa upya.

Sasa usiku wenyewe.

Ulikuwa usiku wa Jumapili, mwezi wa nne, masika yameshika. Saa tano na nusu upepo ukaanza, na kabla ya saa sita stima ikapotea Mikindani nzima. Nikavaa mkoba. Ndiyo, nilivaa, mke wangu akanitazama mwanga wa simu ukiwa usoni mwake, hakusema kitu, na kutosema kwake kulisema mengi. Tochi ya mkoba ilikuwa haina mpini. Tulitumia taa ya sola ya mezani ya shilingi 1,450 niliyonunua Kongowea, ambayo ilituwakia mpaka alfajiri na ikachaji simu mbili. Saa saba maji yakaingia kwa mlango wa nyuma. Nikazima swichi kuu, kwa sababu stima ikirudi maji yakiwa yamefika soketi, hutahitaji mkoba tena. Makoti ya mvua yalipasuka hapo. Mifuko ya mchanga, magunia sita ya unga niliyojaza mwenyewe mchanga wa ujenzi wa jirani kwa idhini yake, ikazuia maji kwa kiasi, si yote.

Wakati huo ndipo bati la jirani lilipoanza kupiga. Nyinyi mnaokaa chini ya bati mnaujua ule mlio, kwanza unagonga polepole kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kisha unazidi. Nikalisikia linatoka, sauti ya msumari kuchomoka mmoja baada ya mwingine, na likaruka likaangukia mwembe. Ndani kuna bibi na watoto watatu, baba yao yuko Dubai. Giza, mvua, huwezi kuita mtu akakusikia hatua tano. Mjukuu wangu, huyu mvunja mpini, akaiweka filimbi mdomoni akapiga. Akapiga tena. Mlango wa jirani ukafunguka, tukawaona kwa mwanga wa taa, wakafuata sauti wakaingia kwetu, wote wanne, mdogo kabisa amebebwa ndani ya beseni la nguo. Watu kumi ndani ya vyumba viwili mpaka asubuhi, na mama mkwe akiwasimulia watoto hadithi za Abunuwasi kana kwamba ameandaliwa hadhira.

Bati langu halikutoka. Nalo halikubaki kwa sababu ya kitu chochote kilichotoka ndani ya mkoba mwekundu.

Lilibaki kwa sababu mwezi wa pili, baada ya kuipima ile kamba na kukasirika, nilimwita fundi nikamwambia tulifunge paa kama mzigo wa sitaha. Watu wengi wanadhani upepo unalisukuma bati. Haulisukumi, unalivuta juu. Unapita juu ya paa kwa kasi, unaingia chini ya ukingo, na bati linataka kupaa kama tiara. Pembe na kingo ndizo zinazoanza. Paa langu lilikuwa limepigwa misumari ya kawaida, kofia ndogo, mingine imepigwa bondeni kwa wimbi la bati ambako maji hupita, na kenchi zenyewe, zile mbao zinazobeba paa, zimekalia ukuta kwa uzito wake tu, hazijashikwa na chochote. Miaka 19 nimelala chini ya mzigo usiofungwa! Mimi!

Fundi akaleta ukanda wa chuma, ule wanaouita hupu. Kila kenchi ikafungwa ukutani kwa hupu iliyoteremka matofali matatu chini, ikapigwa misumari ya zege. Misumari ya bati tukabadilisha yote, tukaweka yenye kofia pana na raba, kwenye mgongo wa wimbi, na pembeni tukaisogeza karibu karibu. Mabati mawili yaliyokuwa membamba, geji 32, tukayatoa tukaweka geji 28. Kwa wasiojua, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, wauzaji wengine hawakwambii. Fundi huyu alikuwa na adabu ya kazi, alipanda na kushuka na pimamaji mkononi, ila alikuwa mkaidi kwa jambo moja: hakutaka kabisa kuongeza misumari kwenye kona, akasema nitaonekana mwoga. Nikamwambia aniandike mwoga kwenye risiti. Vifaa na ufundi vyote ni shilingi 14,200, siku mbili.

Shilingi 900 nyingine nilimpa mkwezi aangue nazi zote za minazi mitatu inayoelekea nyumbani, mbivu na madafu. Hili hamtaliona kwenye karatasi yoyote ya maagizo. Nazi moja ikitupwa na upepo kutoka juu ya mnazi si tunda tena. Tulikula wali wa nazi siku nane mfululizo, hakuna aliyelalamika. Na vijana wa mtaani tukawapa chai na mahamri wakazibua mtaro wa barabarani, wakatoa magodoro mawili, chupa zisizohesabika na mlango wa friji. Mtaro ule ungezibuliwa mapema, maji yasingefika kwangu kabisa.

Jambo la mwisho kuhusu mkoba, nalo ndilo lililoniudhi zaidi ya mpini. Mama mkwe ana sukari, anadungwa insulini. Stima ikipotea siku mbili, friji ni kabati. Muuguzi wa kliniki alimwonyesha mke wangu kutumia mtungi wa udongo, mmoja mdogo ndani ya mkubwa, mchanga katikati, unaumwagia maji, kitambaa kilicholowa juu, pembeni pa dirisha lenye upepo. Dawa inakaa ndani ya mfuko mkavu, haigusi maji. Ule mtungi ndio kitu cha kwanza tunachokiokoa. Mkoba wa kununua hauwezi kujua ndani ya nyumba yako kuna nani, sawa, lakini ungeweza kuwa na nafasi. Huu umejazwa mpaka zipu inalia, kwa vitu vidogo vidogo vya kuonyesha kwenye picha ya tangazo.

Basi, ununue? Kwa mtu anayekaa ghorofani Nyali, dari la zege, ambaye anachohitaji ni kitu cha kushika akitoka mbio, labda, na hata huyo namshauri aujaze mwenyewe. Nilijaribu kuhesabu: taa ya sola 1,450, redio ndogo ya betri 800, vidonge vya duka la dawa, chumvi ya pakiti kumi, tochi ya kichwani 400, mkoba wa mtumba kutoka Kongowea 300. Unabaki na zaidi ya nusu ya pesa, na vitu vyote vina mtu wa kumrudia vikiharibika, anakaa pale pale kwenye meza yake. Kwa mtu wa bati kama mimi, msiguse mkoba kabla hamjamwita fundi. Na namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, iandikeni ukutani kwa makaa, maana simu huzima na namba zikazima nayo.

Nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya kisu, ambacho si changu tena.

Mpwa wangu alipiga simu juzi, na Juni kwao ilikuwa imeshaingia. Nikamsomea haya yote, sikumficha, ingawa ni zawadi yake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza hupu inauzwa shilingi ngapi kwa mita. Nikamwambia. Akasema ataangalia kenchi zake. Halafu akauliza, "Na ile nyota ya pili, mjomba?"

Sikuwahi kujibu, kwa sababu filimbi ililia kutoka chumba cha nyuma, ndefu, mara mbili. Mama mkwe ameinyang'anya toka usiku ule, anaitundika shingoni pamoja na tasbihi. Mara moja ni maji ya kunywa. Mara mbili ni chai.